Deni kwa Jina la Marehemu

Msomaji mpenzi, huenda nawe umewahi kuletewa karatasi ya namna hii. Imeandikwa jina la babu yako kwa herufi kubwa, kama kwamba bado yu hai na jioni atatoka kibarazani kuipokea. Chini ya jina pana nambari ya shamba, chini ya nambari pana safu ya tarakimu, na mwisho wa safu pana jumla inayomfanya mtu avue miwani, aipanguse, aivae tena. Ni kodi ya ardhi inayodaiwa na kaunti. Mwenye jina amelala kaburini tangu 1987. Basi swali ninalotaka tulizungumze mimi nawe ni hili: anayedaiwa ni nani?

Usiharakishe kujibu. Mimi nilikuwa na jibu tayari, na lilikuwa kosa.

Kwetu ni shamba la ekari tatu, minazi na miembe michache, katika kaunti mojawapo ya pwani ya Kenya ambayo sitaitaja, nje ya mji, kando ya barabara. Babu alipofariki aliacha mke mmoja, wana wawili wa kiume na mabinti watatu. Mirathi haikugawanywa. Haikuwa kwa ubaya. Palikuwa na matanga, kisha eda ya nana, kisha kila mtu akarudi kwenye shughuli zake, na likabaki neno la "tutakaa siku moja". Ami akabaki shambani. Marehemu baba alikuwa Mombasa. Mashangazi waliolewa, mmoja Lamu, mmoja Malindi, na mmoja akafuatana na mumewe Maskati. Nana naye alifariki 1994, na siku ile ya kukaa ilikuwa haijafika.

Karatasi ilipokuja ilidai shilingi 210,000, kodi pamoja na riba ya kuchelewa. Tukakusanyika kwa ami. Baada ya kahawa, ami akasema maneno ambayo naamini yamesemwa katika nyumba nyingi za pwani yetu: "Mimi ndiye niliyekuwa nikilipa. Anayelipa ndiye mwenye mali. Nyinyi mlikuwa wapi?" Shangazi wa Malindi aliinamisha kichwa akazungusha kikombe chake. Nami nilinyamaza. Nakiri kwako kwamba sikunyamaza kwa heshima peke yake. Kimya kilinifaa, kwani mtu asiyesema "shamba ni langu pia" hawezi kuambiwa "na deni ni lako pia".

Hapo ndipo lilipo jambo zito, na ndipo nilipoona nikuandikie. Kodi hii ndogo ya kila mwaka, ambayo wengi wetu twaiona ni udhia wa serikali tu, imekuwa mlango ambao haki za watu hutolewa kupitia humo, khasa haki za wanawake. Dada halipi kwa sababu hakuna aliyemletea karatasi. Kaka hulipa, au husema analipa. Miaka ikipita, kutolipa kwa dada hugeuzwa kuwa kuacha, na kulipa kwa kaka hugeuzwa kuwa kununua. Hapana aliyeuza, hapana aliyenunua, hapana aliyekwenda kwa Kadhi, lakini mali imehama.

Dada yangu, ambaye subira yake ni kubwa kuliko yangu, alisema: "Kabla ya kugombana, tujue tunadaiwa nini." Kwa miezi miwili ndiye aliyepanda matatu kwenda na kurudi ofisini, nami nikamfuata mara chache. Niliyojifunza kwake nitakueleza kwa ufupi, kwani huenda yakakufaa.

Watu wengi huchanganya kodi mbili. Moja ni ya Serikali Kuu, nayo hutozwa aliyepewa ardhi kwa muda, kama miaka 99. Huyo ni mfano wa mpangaji wa Serikali, na kila mwaka hulipa ujira wa ardhi. Mwenye milki ya daima, kama wale wa pwani waliojaaliwa kurithi hati za zamani, kodi hiyo haimhusu. Ya pili ni ya kaunti, nayo yaweza kumpata huyu na yule. Katiba ya 2010, katika kifungu cha 209, ndiyo iliyozipa kaunti uwezo wa kutoza kodi ya ardhi na majengo, na kaunti zenyewe zilianza kazi 2013. Kabla ya hapo kodi kama hii ililipwa kwa mabaraza ya miji na ya wilaya, na kaunti zikarithi daftari zao, mazuri na makosa yaliyomo.

Namna ya kuhesabu nayo si moja. Mijini aghlabu hutazamwa thamani ya ardhi kama ilivyo tupu, bila ya nyumba iliyo juu yake, kisha kaunti hutangaza ni sehemu gani ya thamani hiyo italipwa kwa mwaka. Mashambani mara nyingi hutozwa kwa ukubwa, ekari kwa ekari. Thamani huandikwa na mthamini katika daftari maalumu, na daftari hilo laweza kuzeeka; Nairobi yenyewe ilitoza kwa daftari la mwanzoni mwa miaka ya 1980 mpaka karne hii imekwenda zaidi ya miaka ishirini. Kwa hiyo ukipata karatasi yako usitazame jumla peke yake. Tazama nambari ya shamba kama ndiyo, ukubwa kama ndio, na aina ya matumizi waliyoyaandika. Chukua hati yako, au kama hati imepotea omba katika ofisi ya ardhi cheti cha kuonyesha jina lililomo katika daftari lao, kisha ulinganishe.

Dada alipolinganisha, aliona mambo mawili. La kwanza, shamba la babu lilikuwa limeandikwa kuwa ni mahali pa biashara. Jirani yetu upande wa barabara aliuza zamani, na mnunuzi akajenga nyumba ya wageni. Bila shaka kalamu ya mtu iliteleza ikapita mpaka ikaingia kwetu. Minazi ikawa inalipishwa kama hoteli.

La pili lilituumiza zaidi. Katika chumba cha nyuma, juu ya kabati, dada alikuta mkebe wa biskuti. Ndani yake mlikuwa na stakabadhi za babu za kodi, zimefungwa kwa uzi, mwaka kwa mwaka, ya mwisho ya 1986. Mzee yule, aliyekuwa akivaa kanzu moja siku za kazi na moja Ijumaa, hakuacha hata senti moja ya deni la ardhi. Nasi tulikaa kibarazani pake, tukinywa kahawa, tukisema "deni la marehemu"!

Ndugu msomaji, tafadhali lifikiri neno hilo. Wewe wajua uzito wa deni kwa maiti. Katika mafunzo ya madrasa sote tulisimuliwa jinsi lilivyoletwa jeneza mbele ya Mtume, rehema na amani zimshukie, akauliza kama maiti ana deni, akaambiwa ni dinari chache, naye akawaambia masahaba wamswalie wao; hata Abu Qatada aliposema deni lile yeye atalibeba, ndipo alipomswalia. Twajua pia kwamba mirathi haigawanywi ila baada ya kutolewa deni na wasia. Haya hatuna shaka nayo. Lakini deni la maiti ni lile lililompata akiwa hai. Kodi ya 1988 haikumpata babu. Siku alipokata roho, shamba lilikuwa la warithi wake, kila mmoja kwa fungu lake, hata kama hapana aliyegawanya na hapana aliyeandika. Kodi iliyokuja baada ya siku ile ilikuja juu ya mali yao wao. Jina lililo juu ya karatasi ni la marehemu kwa sababu sisi hatukuliondoa. Tulimwachia mzee jina, tukamtwika na deni.

Hilo ndilo lililokuwa kosa la jibu langu la kwanza. Sasa turudi kwa ami, maana dai lake halikuwa upuuzi.

Ami alilipa kweli. Stakabadhi zake zilikuwa nne katika miaka yote ile. Akasema zaidi ya hizo zimepotea, nasi hatukumkadhibisha. Je, aliyelipa kodi ya mali ya shirika amepata nini? Kwa sheria ya nchi, stakabadhi ya kodi si hati ya kumiliki. Yathibitisha kwamba fedha zimepokewa, basi. Kwa sharia yetu, wanavyuoni wamelizungumza zamani jambo la mtu kumlipia mwingine anachodaiwa. Wenye madhehebu ya Kishafii, ambayo ndiyo yetu wengi wa pwani, wasema aliyelipa deni la mtu pasi na idhini yake amejitolea, hana haki ya kumrejea; Wamaliki wampa haki ya kudai alichotoa. Tazama basi: hata aliyempa mlipaji haki kubwa kabisa amempa haki ya kurudishiwa fedha zake. Hapana aliyempa shamba.

Na iko kanuni nyingine ya mafakihi ambayo ami hakuipenda, kwamba aibebaye hasara ni yule aipataye faida. Nani aliyeangua nazi kwa miaka thelathini na zaidi? Nani aliyeuza maembe kwa wachuuzi wa barabarani? Ikiwa tutaifungua hesabu ya kodi, hapana budi tuifungue ya mavuno pia, na sidhani stakabadhi nne zingeshinda. Lakini nitakuwa mwongo nikikuachia hapo. Ami ndiye aliyelilinda shamba lile. Majirani walipotaka kusogeza mpaka ni yeye aliyesimama. Sisi tulikuwa tukija siku za Idi, tukila madafu, tukiondoka na kikapu. Kazi ya mlinzi nayo ina ujira, na sisi hatukuwahi kumuuliza.

Dada hakumjadili kwa kanuni wala madhehebu. Alimwekea stakabadhi zile nne mkekani akamwonyesha jina. "Ami, hata wewe ulilipa kwa jina la babu." Ami akazitazama kwa muda mrefu. Kisha akasema: "Hesabuni. Mimi sijui hesabu."

Sasa nataka kukueleza habari ya rufaa, kwa sababu hapo ndipo nilipotuona sisi wenyewe, sote, tulivyo.

Kupinga kodi isiyo ya haki si utovu wa adabu wala si uasi. Sheria ya zamani ya uthamini, ya 1956, ilimpa mwenye malalamiko siku 28 tangu kutangazwa daftari apeleke pingamizi lake, likasikilizwe na mahakama ya uthamini, na asiporidhika aende Mahakama Kuu. Sheria hiyo na mwenzake zimefutwa na sheria mpya ya taifa ya 2024, ambayo imeweka baraza la kitaifa la kusikiliza mashauri hayo. Muda wa kupinga hupita upesi, basi lisome tangazo lenyewe, ukaulize mapema ofisini ni siku ngapi ulizonazo. Andika barua, ambatanisha hati, ramani, picha za shamba kama lilivyo, na uhakikishe umepigiwa muhuri wa kupokelewa kwenye nakala unayobaki nayo. Nakala isiyo na muhuri ni hadithi tu.

Na usidhani kwamba swali la thamani na uwezo ni jambo la leo. Imepokewa katika Sahihi ya Bukhari kwamba Sayyidna Umar, siku chache kabla ya kujeruhiwa, alisimama na maofisa wake wawili waliokadiria kodi ya ardhi ya Iraqi, Hudhaifa bin al-Yaman na Uthman bin Hunaif, akawauliza kama hawaogopi kwamba wameitwika ardhi ile mzigo isioweza kuubeba. Wakamwambia wameitwika inachokiweza. Hakutosheka, akawataka watazame tena. Kisha akaazimia kwamba Mungu akimpa umri atawaacha wajane wa Iraqi wasimhitaji mtu baada yake. Umri haukufika. Mimi kila nikikumbuka kisa hiki huona kwamba mtawala ndiye aliyeanza kuuliza. Hakungoja mjane apande matatu mara tano.

Utasema: hao wetu je, wanauliza? Barabara ina mashimo, zahanati haina dawa, maji hutoka siku mbili kwa wiki, nami nilipe kwa ajili ya nini? Hasira hiyo naijua, nami ninayo. Lakini angalia inatupeleka wapi. Aliyeghadhibika kwa ajili ya zahanati hukaa nyumbani asilipe, na zahanati haijui kwamba amegoma. Kila mwaka kaunti hupeleka muswada wa fedha katika baraza lake, na Katiba yaamuru wananchi washirikishwe. Nimewahi kwenda mara moja. Ukumbi ulikuwa na viti vingi na watu wachache, na waliozungumza sana ni wenye mahoteli. Mwaka ule, nikikumbuka vizuri, sisi wenye minazi tulikuwa wawili.

Dada alipopeleka pingamizi letu, alisimamishwa ujiani na kijana mmoja nadhifu. Akamwambia kwa upole kabisa: "Mama, mambo haya yana njia ndefu na njia fupi." Njia fupi ilikuwa shilingi 30,000, na deni lote, la haki na lisilo la haki, lingepotea katika kompyuta. Dada akamwambia atafikiri. Ukweli ni kwamba hakufikiri. Alitaka tu kupita mlangoni. Lakini alipotusimulia nyumbani, sisi ndio tuliofikiri! Nilimsikia mtu mzima, mwenye kuswali jamaa safu ya mbele, akisema kwamba hiyo si rushwa, ni ada ya kuharakisha. Mwingine akafanya hesabu, 30,000 kwa watu saba. Hapana aliyepiga kelele. Rushwa huzungumzwa hivyo majumbani mwetu, kwa sauti ya chini na chai ikimiminwa.

Kisha binamu yangu akaja na wazo la pili, nalo lilikuwa tamu zaidi. Sheria ya zamani ya uthamini iliacha nje ardhi ya ibada, ya makaburi na ya mafunzo, maadamu haitumiki kwa faida. Basi, akasema, watoto wa jirani si husoma juzuu kibarazani kwa ami Jumamosi na Jumapili? Na makaburi mawili si yako pale chini ya mwembe? Tuandike kwamba shamba ni madrasa.

Msomaji, naona unacheka, lakini fikiri jinsi lilivyo gumu. Kila neno katika barua ile lingekuwa kweli. Watoto wapo, makaburi yapo. Uwongo ungekuwa katika jumla yake, si katika sehemu zake. Na ubaya wake ungekwenda mbali kuliko kaunti: siku moja mtu angekuja na barua hiyo mkononi aseme, nyinyi wenyewe mliandika kwamba ni mahali pa dini, hamna mirathi hapa. Mashangazi wangenyang'anywa mara ya pili, safari hii kwa jina la Qur'ani. Aliyelikata jambo ni mama yangu. Alisema tu kwamba yeye hatotia saini, akaondoka kwenda kupika.

Tukaenda njia ndefu. Ilichukua karibu mwaka. Wakakubali kwamba shamba si la biashara, wakatoa kilichozidi na riba yake, ikabaki shilingi 126,000. Hiyo ilikuwa yetu, kwa haki.

Shangazi wa Lamu akashauri tungoje. Kaunti nyingi zimewahi kutangaza msamaha wa riba kwa atakayelipa deni la asili kabla ya tarehe fulani. Mimi sioni ubaya wa kuupokea msamaha ukija. Mwenye kudai akisamehe, amesamehe. Ila kukaa na fedha mfukoni ukingoja msamaha ni jambo jingine, kwani yule jirani maskini aliyelipa kwa wakati amekuchangia wewe. Na ikiwa neno riba lenyewe lakuchoma, kama linavyonichoma mimi, dawa iliyo mikononi mwetu ni kutochelewa. Hatukungoja. Nasema hivi bila ya kujisifu, maana tulikuwa tumekwisha kuchelewa zaidi ya miaka thelathini.

Liko jambo moja limenishughulisha sana tangu wakati huo. Kwa nini wazee wetu na sisi twaogopa daftari? Mwaka 1908 serikali ya kikoloni ilitunga sheria ya hati za ardhi ya pwani: kila mwenye dai la ardhi katika ukanda wa maili kumi aje aliandikishe, na ardhi isiyodaiwa ikahesabiwa kuwa ya Taji la Uingereza. Wengi hawakuandikisha. Wengine hawakusikia, wengine hawakuamini, wengine waliona ni ajabu mtu kuombwa athibitishe kwa mgeni shamba alilozikwa babu yake. Makosa yale bado twayalipa. Maskwota wa pwani yetu ni wajukuu wa watu waliokuwa hapa kabla ya daftari. Babu yangu mzaa babu alikwenda, akaandikwa, ndiyo sababu shamba liko. Na sisi, wajukuu wa mtu aliyeandikwa, tukakaa tumejificha nyuma ya jina la maiti ili tusionekane na mtoza kodi. Aya iliyo ndefu kuliko zote katika Qur'ani ni ile ya Suratul Baqara inayoamrisha deni liandikwe. Twaisoma kila Ramadhani.

Basi tukaandika. Nana alikuwa na thumuni ya babu, nayo baada yake ikarudi kwa wanawe wale wale watano. Kwa hiyo shamba ni mafungu saba: ami mawili, marehemu baba mawili, na kila shangazi fungu moja. Shilingi 126,000 kwa saba ni 18,000. Ami 36,000. Fungu la baba, 36,000, likawa juu yetu: mama 4,500 kwa thumuni yake, mimi 21,000, dada 10,500. Nilipoona kwamba dada, aliyefanya kazi yote, analipa nusu yangu, niliona haya. Lakini na shambani atapata nusu yangu, akanikumbusha, na nisijaribu kumpunguzia kimoja ili nimpunguzie cha pili. Stakabadhi nne za ami tuliziweka kando, tukamwambia ni sadaka yake au ni deni juu yetu, achague. Akasema tumwachie kiangulio cha mwaka huu, yaishe.

Shangazi wa Malindi hakuwa na 18,000. Alivua bangili akaiweka mkekani. Ami akaisukuma kwa mkono, akamwambia avae, kwamba atalipiwa kutoka katika nazi zake mwenyewe, na kwamba ana nazi nyingi asizozila. Hilo ndilo neno la kwanza nililosikia ami akisema "nazi zako" kumwambia dada yake.

Sasa tuko kwa Kadhi kutafuta hukumu ya warithi, ili majina yaandikwe katika hati. Cheti cha kutodaiwa tunacho. Bila ya hicho msajili wa ardhi hakubali kuhamisha jina. Shangazi wa Maskati alifariki huko, na wanawe hawajajibu barua zetu mbili. Fungu lao tumelilipa sisi, 18,000, na katika kitabu cha dada limeandikwa kwa majina yao.